Jina Lina Mtu

Jumanne, 3 Machi 1998

Simu imelia mchana huu, Bibi akiwa jikoni anamenya viazi, mimi nanyonyesha. Nimepokea kwa mkono mmoja. Mwanamke. Lafudhi ya Kanada, au Marekani, mimi siwezi kuzitofautisha. Kasema anaitwa Bi. Zwicker na anatafuta ndugu wa Jessie Slater, mzaliwa wa hapa Portknockie, binti wa Alexander Slater mvuvi na Elspet Mair. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, ni mama yangu huyo.

Mama yake!

Jessie Slater, binti wa Alexander na Elspet, ni Bibi yangu. Nilikuwa namwona kutoka pale pale kwenye simu, na kisu chake na ndoo ya maganda. Bibi kazaa mtoto mmoja tu maishani, mama yangu, ambaye yuko makaburini mwaka wa sita sasa. Huyo wa Kanada katoka wapi?

Nikamwambia amekosea namba. Nikakata. Nimeiweka simu kwa kishindo hadi Kadogo, binti yangu ambaye bado hana jina, akaachia ziwa na kulia.

Bibi akauliza nani. Nikasema ni wale wauza madirisha.

Jumatano, 4 Machi

Sikulala vizuri, na si kwa sababu ya mtoto tu. Nawaza. Wapo watu wanaokusanya majina ya wazee, na ya wazazi wao, na mahali walipozaliwa, halafu wanajifanya ni wao. Nimesikia redioni. Huyu alikuwa na kila kitu. Hata jina la mama yake Bibi la kabla ya kuolewa!

Leo nimemwambia Bibi niliyoyaamua kuhusu jina. Kwetu binti wa kwanza anachukua jina la mama wa mama yake, lakini mama yangu aliitwa Williamina, na alikuwa akiapa kwamba atakayempachika mtoto jina hilo atamtokea usiku. Kwa hiyo nimesema Kadogo aitwe Jessie. Nilidhani Bibi atafurahi. Nilikuwa nimeshaandaa hata leso ya machozi yake.

Akaweka kikombe chini. Akasema, usimpe mtoto hilo.

Kwa nini, Bibi?

Si langu la kutoa.

Akainuka, akaenda kuanua nguo. Mvua ilikuwa haijaanza hata.

Ijumaa, 6 Machi

Kapiga tena! Bibi alikuwa dukani, Mungu kasaidia.

Safari hii sikukata. Nimejifanya mjinga, kazi ambayo mume wangu Gregor husema naiweza. Nikamwambia, dada, kijiji hiki kina akina Slater kama shakwe angani, hata Bibi yangu aliolewa na Slater mwingine asiye ndugu. Wewe unatafuta Slater yupi? Nilikuwa nalenga lakabu. Hapa kila ukoo una lakabu yake, maana bila hiyo hata posta wangechanganyikiwa, na kwenye vyeti vya kuzaliwa haiandikwi. Mtu akilichota jina kwenye makaratasi, lakabu hana.

Akasema, mama yangu akikasirika husema, "Sisi ni Doddlie, sio wale Slater wa juu kilimani."

Doddlie. Ni sisi. Alilitamka kama Bibi anavyolitamka, na lile "o" la kuvutwa.

Nikamwambia mtoto analia. Hakuwa analia.

Nani kampa? Kuna mtu hapa kijijini anatoa habari zetu. Nimekaa dirishani nikihesabu milango ya majirani kama polisi.

Jumamosi, 7 Machi

Gregor kapiga kutoka kwenye mtambo wa mafuta, zamu yake inakwisha mwishoni mwa mwezi. Nikamweleza. Akasema ni nyumba, Rhona, wanataka nyumba, nyumba zenye kutazama bahari siku hizi wanazitamani. Usimwambie lolote. Halafu akaomba asikie binti yake akipumua, nikaweka simu karibu na pua. Kasikiliza muda mrefu, mwanamume mzima. Akauliza ameshapata jina? Nikasema bado. Akasema basi fanya haraka, mwisho wa kumwandikisha ni Jumatano ya tarehe kumi na nane, baada ya hapo msajili ataanza kutuandikia barua.

Jumatatu, 9 Machi

Nimemfunga Kadogo kwenye kigari, nikapanda basi hadi Elgin. Maktaba wanazo filamu za vitabu vya vizazi na vifo vya parokia zote. Mashine unazungusha kwa mkono, maandishi yanapita kama mto. 

Nimeyapata!

Alexander Slater na Elspet Mair. Watoto: Alexander. Kisha Jessie, 1917. Kisha William. Kisha William tena. Kisha, mwisho kabisa, Novemba 1936, Jessie. Huyo ndiye Bibi.

Jessie wawili! Nikacheka peke yangu, mzee wa meza ya pili akanitazama. Si ajabu hata kidogo. William wa kwanza kafariki na miaka mitatu, surua, nimekiona kifo chake, basi aliyefuata akapewa jina lake. Ndivyo wazee wetu walivyofanya, mtoto akifa jina halipotei. Kwa hiyo na Jessie wa kwanza alikufa. Na huyo Bi. Zwicker kaokota jina la mtoto marehemu! Ndivyo matapeli wanavyofanya hasa, nasikia, wanapenda watoto waliokufa.

Nilifurahi. Nikajiona mpelelezi. Nikaendelea kutafuta kifo cha Jessie ili niwe na jibu lililokamilika.

Hakipo.

Nimetoka 1917 nikaenda mpaka 1936, mwaka kwa mwaka, hadi Kadogo akachoka na maktaba nzima ikajua. William yupo. Jessie hayupo.

Jumanne, 10 Machi

Makaburini, upepo wa kukung'oa meno. Jiwe la Alexander na Elspet limeandikwa "na mtoto wao William, miaka 3". Chini pametosha kwa majina mengine. Hakuna Jessie.

Mtoto hakufa kwenye kitabu, hakufa kwenye jiwe. Lakini jina lake likatolewa.

Nimeacha kumshuku yule mwanamke kidogo. Sasa namshuku Bibi. Nimeandika hivyo na mkono umeona haya. Bibi ndiye aliyenilea! Bibi ndiye aliyenishika mkono nikijifungua, na mkunga akamwambia toka, naye akamwambia toka wewe.

Jumatano, 11 Machi

Mama Teenie Mair, jirani yetu mzee, kaja kumwona mtoto. Kaleta shali ya sufu, nyepesi kama povu, na kipande cha fedha cha kumwekea Kadogo kiganjani, desturi yetu ya bahati. Kadogo kakikamata kwa nguvu zote. Mama Teenie akasema, "Huyu hatoi kitu bure, huyu ni Doddlie kweli kweli!"

Nikauliza kwa sauti ya kawaida, huku namimina chai, Mama Teenie, eti alikuwapo Jessie mwingine kabla ya Bibi?

Lo. Nilivyojuta.

Mama Teenie akatazama skonzi yake kama ina maandishi. Akasema, alikuwapo. Hakuna mwenye kisu chepesi kama yeye, wa kupasua samaki wa heringi, tulikuwa tunasimama kumtazama tu.

Alikufa lini?

Mama Teenie akasema, "Inategemea unamwuliza nani, binti yangu."

Bibi akatua birika juu ya jiko kwa kishindo, maji yakaruka. Akasema, "Teenie, chai yako inapoa." Mama Teenie akainywa kwa mkupuo mmoja kama mtoto aliyekemewa, akaaga.

Alhamisi, 12 Machi

Bibi hasemi. Kapika supu ya samaki wa moshi, kaosha kila pazia la nyumba. Simu ikilia ananitazama mimi, haitazami simu.

Anajua ni nani anayepiga. Amejua tangu siku ya kwanza! Wauza madirisha!

Ijumaa, 13 Machi

Kasema. Tulikuwa tunamwogesha Kadogo mbele ya moto. Bibi kamshika kichwa, mimi namwagia maji. Naandika kama alivyosema, nisije nikayapamba.

Wazazi wake walikuwa watu wa Mkutano, dhehebu la Kikristo la kujitenga na watu, ule wa zamani, mkali. Nimeuona uliobaki, wazee wachache na vitambaa vya kichwa, Bibi huenda Jumapili. Zamani ilikuwa nusu ya kijiji. Hawakuwa na redio, hawakwenda ngomani, hawakula na mtu wa nje. Na mtu wao akikosea walimtoa. Ukishatolewa, mama yako hakukuwekei sahani. Wakikutana nawe njiani wanatazama bahari.

Jessie mkubwa alikuwa akienda Yarmouth, bandari ya mbali kusini, kupasua samaki na wasichana wengine kila majira ya heringi. Huko akapatana na fundi mapipa, Jim Geddes wa Buckie, mtu wa ngoma na sigara. Akakata nywele. Akarudi nazo fupi hadi masikioni, akaingia ukumbini kwao kwenye ibada hivyo hivyo bila kitambaa. Mei 1936 wakamtoa. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Novemba mama yao akajifungua, uzazi wa mwisho ambao hata yeye hakuutarajia. Msichana. Wakamwuliza Alexander aitwe nani. Bibi kasema, naye kaambiwa na kaka yake, kwamba baba alisema, "Mwiteni Jessie. Jina liko wazi."

Nikasema, lakini hakuwa amekufa!

Bibi akasema, "Ndivyo walivyomzika, Rhona. Walinitumia mimi. Mimi ndimi jiwe lake."

Kadogo alikuwa akiyapiga maji mateke, anafurahi. Nikamwuliza Bibi kwa nini hakunieleza. Kasema amejua tangu shule, watoto wenzake walimwita Jessie wa Pili, na maisha yake yote anangoja mlango ugongwe. Kwamba mwenyewe atakuja kulidai.

Kulidai nini, Bibi?

"Jina lake. Mimi nina miaka sitini na moja, nianze jina gani sasa?"

Nilicheka. Kisha nikaona hakuwa anatania.

Jumamosi, 14 Machi

Sasa ni mimi ninayeingoja simu. Na sijaacha kushuku, naliandika hapa. Miaka sitini na miwili kimya, halafu simu wiki ile ile nimejifungua? Kwa nini leo? Huenda Gregor amesema kweli. Moyo ukilainika ndipo mtu anapopitisha mkono dirishani.

Bi. Zwicker alipopiga nikamwambia moja kwa moja. Jessie Slater ni Bibi yangu, kazaliwa 1936, yuko hai, yuko juu anatandika kitanda. Sasa wewe niambie nikuamini vipi.

Nikadhani amekata. Kumbe analia, au anacheka, kwa mbali vinafanana. Akasema, "Kwa hiyo yupo. Kwa hiyo ni kweli."

Nikakaza moyo. Nikamwuliza, wewe jina lako hasa nani, la kwako, si la mumeo?

Elspet.

Nikakaa chini kwenye ngazi. Nikamwambia nitajie ndugu zako kwa mpangilio. Hakunielewa, lakini akataja. Peter, mkubwa, jina la baba yake Jim Geddes. Elspet mwenyewe. Alexander. Isabella, jina la mama yake Jim. Hapo nikamkatiza. Nikahesabu kwa vidole, kila mmoja yuko mahali pake! Mtoto wa kiume wa kwanza kwa babu wa kwa baba, wa pili kwa babu wa kwa mama, binti wa kwanza kwa bibi wa kwa mama. Walimtoa, wakatazama bahari, wakampa mwingine jina lake. Naye Jessie mkubwa akavuka maji akaenda Nova Scotia, huko Kanada, akawaita wanawe Elspet na Alexander. Tapeli hawezi kulitunga hilo. Tapeli angechagua majina mazuri.

Nikamwuliza, binti wa tatu? Maana wa tatu huchukua jina la mama mwenyewe. Wa tatu alipaswa kuwa Jessie.

Akasema, "Marigold."

Marigold! Jina la ua! Kwenye ukoo wetu! Nikamwuliza, ilikuwaje?

Akasema hata baba yao aliuliza. Mama akakataa. Akasema, "Jessie hapana. Hilo jina lina mtu." Wao watoto walidhani ni maneno ya mzee tu, mambo ya kwao.

Na sasa mama yao yuko kitandani, miaka themanini na moja, moyo umechoka. Mwezi mzima anauliza swali moja. Elspet kanitajia, na mimi namtajia Bibi kesho, nikipata nguvu.

"Bado analitumia?"

Jumapili, 15 Machi

Nimemwambia Bibi akiwa anafunga kitambaa cha kichwa kwenda ukumbini. Nikamwambia yote, Marigold, na swali. Akamaliza kufunga. Akatoka.

Akarudi kabla ya wakati. Hajawahi. Kavua kitambaa mlangoni, kakikunja kidogo kidogo hadi kikawa kama bahasha. Kasema hakuingia, alisimama nje akisikia wakiomba.

Kisha: "Elspet huyo, kasema mama yake analiuliza vipi hilo swali? Kwa hasira?"

Nikasema sikuuliza.

"Ungeuliza."

Jumatatu, 16 Machi

Mama Teenie tena, kapita na mikate, ila mikate ni kisingizio. Nikamfuata hadi kwenye geti. Nikamwambia, ni wewe uliyemwambia Jessie mkubwa? Alijuaje kule kwamba jina limetolewa?

Kasema ndiyo. Alikuwa na miaka kumi na sita, msimu wake wa kwanza Yarmouth. Habari zilifika kutoka nyumbani, mama yake Jessie kajifungua binti. Jessie alikuwa upande wa pili wa sanduku la samaki, vidole vimefungwa vitambaa kama ilivyo kazi yenyewe. Wasichana wa Mkutano walikatazwa kusema naye. Teenie akasema tu, kwa kuwatazama samaki, si yeye: wamemwita Jessie.

Nikauliza alifanyaje?

"Hakusimamisha kisu. Alipasua samaki wa pipa zima. Halafu akaniuliza, mtoto ni mzima? Nikasema mzima. Akasema, vizuri."

Mama Teenie kalia pale getini, upepo unampeperusha mvi. Akasema tangu siku hiyo anaogopa kama alifanya vema au vibaya. Nami nilikuwa nimemshuku kwa ile lakabu, nikamkumbatia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nimemrudishia Bibi maneno. "Mtoto ni mzima? Vizuri." Kanitaka nirudie. Nimerudia. Kanitaka nirudie tena.

Kasema, waambie kesho. Saa kumi, kule itakuwa kabla ya chakula chao cha mchana. Mwambie ampe simu mwenyewe.

Jumanne, 17 Machi

Niko kwenye ngazi, daftari juu ya goti, Kadogo kalala begani. Kesho nikafike kwa msajili Buckie, na mtoto wangu bado hana jina. Bibi kasema asubuhi, mwache kwanza, mpaka nijue kama ninalo la kumpa.

Nina hofu. Bado. Yule mzee kule anaweza kuwa na mengi kifuani. Miaka yote hiyo mtu anaweza kuyapika maneno mpaka yakawa sumu. Na Bibi yangu si mgumu, anaonekana tu hivyo. Nimemwambia ukitaka nitakaa karibu nikate. Nitasema laini imekatika.

Yuko kwenye kiti cha ukumbi mdogo pale chini, karibu na simu. Kavaa koti. Kavaa kofia ya Jumapili! Nikamwambia Bibi, hawakuoni. Akasema, "Najua hawanioni, mimi si mjinga." Akainyoosha kofia.

Saa kumi na dakika. Hakuna kitu.

Kaniuliza bila kugeuka, "Nikipokea niseme nani?"

Nikasema sema Jessie.

"Na yeye atasema nani?"

Kadogo kajikuna pua, kafumbua macho, anatazama dari kama anayesubiri naye.

Inalia.

Inalia. Bibi ameweka mkono juu yake, hainui. Nasema Bibi. Nasema Bibi, pokea. Amenyanyua, kwa mikono yote miwili, kama kitu chenye maji. Nasikia upande wa pili, huku juu kabisa nasikia, sauti ya kizee, kubwa, ya mtu aliyezoea kuita kutoka gatini, na matamshi ni ya hapa hapa, hayajaenda Kanada hata siku moja. Inasema Jessie. Sijui inajitaja au inaita. Bibi amevua kofia. Anasema, "Ndiyo, bado nalitumia."